Kati ya Mkunjo K na Mkunjo L

Pernette Chavassieux, binti Claude Chavassieux aliyevusha marobota ya karatasi mgongoni kutoka Uswisi, katika theluji ya milima ya Jura, mara thelathini na moja bila kukamatwa; mjukuu wa Étiennette Bruyas, aliyekunja zaburi zilizoimbwa katika makanisa ya upande wetu wa mto Saône kwa miaka arobaini; mtoto wa Claudine, yule yule Claudine aliyempiga mkaguzi wa vitabu kwa chungu cha supu ya vitunguu kisha akamwambia arudishe chungu; mke wa ndoa wa Barthélemy Gonin, mchuuzi. Hao ndio watu wake. Wanatajwa hapa mwanzoni kwa sababu wale wanaosimulia jinsi nuru ya akili ilivyoingia katika majumba ya wafalme hawawataji popote. Wanawataja wanafalsafa na makoti yao ya hariri, na wafalme waliowaandikia barua. Ukiwasikiliza utadhani vitabu vilitembea kwa miguu yao wenyewe.

Havikutembea. Vilibebwa, vikakunjwa, vikashonwa, na waliofanya kazi hiyo walikuwa na majina.

Pernette alikuwa mkunjaji na mshonaji katika karakana ya Mama Ravier, mjane wa mfunga vitabu, mtaa wa Mercière hapa Lyon. Wakati ule kitabu hakikuja kikiwa kitabu. Kilikuja kikiwa karatasi kubwa kubwa zilizopigwa chapa, zimefungwa robota kama pamba. Karatasi moja ukiikunja mara tatu kwa mfupa wa kukunjia inakupa kurasa kumi na sita, na huo ndio mkunjo. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo pana herufi: A, B, C, na kuendelea, ila J, ambayo wapiga chapa waliiruka. Mkunjaji anazipanga kwa herufi hizo, mshonaji anapitisha uzi, basi. Pernette hakujua kusoma. Alijua herufi za chini ya ukurasa, hizo tu. Vitabu zaidi ya mia tatu, kila kimoja nakala nyingi, vilipita mikononi mwake, na alichojifunza humo ni kwamba B huja baada ya A.

Ilikuwapo kazi nyingine isiyosemwa mbele ya wageni. Vitabu vilivyopigwa marufuku na mfalme vilichapwa Uswisi, na ili vipite forodhani, karatasi zake zilichomekwa katikati ya karatasi za vitabu vya dini. Sisi tuliita hivyo kuozesha. Mkaguzi akifungua robota anakutana na Maisha ya Mtakatifu Fulani, anafanya ishara ya msalaba, anafunga. Robota likifika kwa Mama Ravier, wanawake walikaa kuachanisha hiyo ndoa, karatasi kwa karatasi.

"Leo bwana harusi nani?" Mama Ravier angeuliza, mikono kiunoni.

"Mtakatifu Ursula kaolewa na mpagani, mama," Pernette angejibu. "Tena analia, haki ya Mungu. Tazama karatasi zilivyolowa."

Ndipo Barthélemy angekuja na sanduku lake kifuani, akibeba almanaka na vitabu vya sala juu, na chini ya ubao wa pili vile vingine. Alikuwa mwanamume mwenye maneno. Vitabu vya marufuku aliviita dawa. Mapadri walinunua dawa. Mawakili walinunua dawa. Bwana de Courtavel, hakimu, mtu wa wigi lenye poda na vidole vyeupe, alimwita mlango wa jikoni na kumwambia, "Gonin, kifua kinanibana. Umeniletea kitu?" Na Gonin angemfungulia ubao wa pili, na hakimu angechagua kama mtu achaguaye samaki, akibonyeza bonyeza.

Dawa iliyopendwa kuliko zote mwaka ule iliitwa Wajibu wa Wenye Taji. Aliyeiandika ni mwanafalsafa Lormont, aishiye Paris kwa posho ya wafalme wawili, ingawa jina lake halikuwekwa juu ya kitabu. Kila mtu alijua ni yeye. Wafalme wenyewe walijua. Mkuu mmoja wa nchi ndogo ya Kijerumani alifuta mateso katika mahakama zake kwa sababu ya mkunjo D, akafunga nyumba nne za watawa kwa sababu ya mkunjo G, ndivyo walivyosimulia mawakili kwenye duka la kahawa. Kitabu kilikuwa kinatunga sheria huko mbali. Huku kwetu kilikuwa chini ya ubao wa pili.

Sasa, Novemba moja, siku ya Alhamisi, baridi ilikuwa imefisha vidole vya kila mtu karakanani, na Mama Ravier alikuwa akihimiza, maana masista wa kilimani walitaka Maisha ya Mtakatifu Blandina kabla ya Majilio. Robota lilikuwa la ndoa: Blandina na Wenye Taji. Karatasi moja, ukubwa mmoja, wino mmoja. Pernette akaachanisha, akakunja, akapanga A, B, C, akashona. K iliyoingia katika kitabu cha masista haikuwa K ya Blandina.

Kosa hilo hawezi kulifanya msomaji. Analifanya mtu aliyefundishwa herufi bila kufundishwa maneno.

Masista wa kilimani hula kimya, huku mmoja wao akiwasomea kwa sauti. Siku ile alisoma Sista mzee mwenye macho mabovu, anayeshika ukurasa karibu na pua, naye kiapo chake kilimtaka asinyamaze mpaka Mama Mkuu apige kengele. Blandina akatupwa kwa simba, ukurasa ukageuzwa, na Sista, kwa sauti ile ile ya sala, akaendelea: "Mfalme ni mtumishi aliyeajiriwa na watu. Mtumishi mvivu huonywa. Asiyesikia onyo hufukuzwa." Vijiko vikasimama. Sista akaendelea na watawa wanaokula bila kufanya kazi. Alisoma kurasa mbili na nusu kabla Mama Mkuu hajaikumbuka kengele yake.

Watu wa Lyon walicheka wiki nzima. Na wakili mmoja akalalamika kwamba katikati ya Wenye Taji yake mtakatifu alikuwa akiponya wakoma. Lakini kitabu cha masista kilikuwa kimenunuliwa katika sanduku la Barthélemy, na Jumatatu asubuhi wakaguzi wakawa nyumbani kwake, wakimwaga gunia la njugu sakafuni. Chini ya njugu palikuwa na nakala kumi na moja.

"Nani amekushonea hivi?" waliuliza.

"Nimeshona mwenyewe," Barthélemy akasema.

"Wewe? Mikono hiyo?"

"Mke wangu hanishonei soksi, bwana. Nimejifunza sindano kwa shida."

Pernette alikuwa amesimama pale pale, uzi wa bluu umemnasa kwenye aproni. Barthélemy hakumtazama hata mara moja. Hakumtaja yeye, hakumtaja Mama Ravier, wala hakutaja wateja wake wa mlango wa jikoni. Alipopandishwa kizimbani, aliyeketi juu na joho jekundu alikuwa Bwana de Courtavel.

Hapo ndipo hasira ya Pernette ilipozaliwa, na haikufa tena. Alimwona hakimu akisoma orodha ya vitabu viovu, na cha kwanza kilikuwa Wenye Taji, akikitamka kana kwamba mdomo wake haujawahi kukionja. Kisha ikasomwa barua ya Bwana Lormont kutoka Paris, iliyokuwa imetoka na gazetini. Kitabu hicho, alisema Lormont, si chake, hakijui, kinamtia kinyaa, na watu wanaokitembeza ni walafi wanaostahili mkono mzito wa sheria.

"Mwongo!" Pernette akapiga kelele. "Mwongo mwenye kalamu!"

Wakamtoa nje.

Barthélemy alisimamishwa siku tatu kwenye nguzo ya aibu, uwanja wa Terreaux, bango shingoni. Siku ya tatu walimpiga chapa ya moto begani, herufi tatu, G, A, L, za mwanzo wa neno la Kifaransa la mfungwa wa minyororo, ili kila atakayemwona bila shati ajue ametoka kwenye minyororo. Pernette alizitambua. Zilikuwa herufi zake, za chini ya ukurasa. Kisha wakamshusha kwa mashua kwenye mto Rhône, amefungwa shingo na watu sitini, hadi bandari ya Toulon, miaka tisa ya kuvuta magogo ya manowari.

Hukumu ilibandikwa kutani mji mzima, kama desturi. Karatasi nzuri, nene, nembo ya mfalme juu, jina la Barthélemy katikati kwa herufi kubwa, jina la de Courtavel chini. Pernette alikwenda na mpwa wake Benoîte, binti wa kaka yake, aliyefanya kazi naye karakanani, wakazibandua kwa mfupa wa kukunjia kabla gundi haijakauka. Walipata kumi na saba.

"Za nini, shangazi?" Benoîte aliuliza. "Za kuwashia jiko?"

"Weka."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Mume wangu ameandikwa. Mwanamke gani mwingine mtaa huu mumewe amepigwa chapa na kiwanda cha mfalme?"

Mwaka ukapita na miezi yake. Kwa mfungwa wa Toulon kulikuwa na njia moja tu: ombi la msamaha lenye saini ya hakimu aliyemhukumu. Pernette alikwenda kwa de Courtavel mara nne. Mara tatu aliambiwa bwana anakula. Mara ya nne alipokelewa katika chumba cha vitabu, hakimu amevaa gauni la nyumbani na kofia ya mahameli, kikombe cha chokoleti mkononi.

"Mama Gonin," akasema kwa upole, "mimi mwenyewe ni mtu wa fikra mpya. Moyo wangu unaumia."

"Basi saini, bwana, upone."

Akatabasamu. "Lakini lazima uelewe. Vitabu vile, mikononi mwa mtu aliyesoma, ni chakula. Mikononi mwa umma ni moto. Nikimwachia mumeo leo, kesho kila mchuuzi atafungua duka. Nuru inahitaji mpangilio. Tuvute subira."

"Nani anavuta subira, bwana? Wewe au Barthélemy?"

"Mama, usinipandishie sauti. Nimekupokea kwa hisani."

Macho ya Pernette yalikuwa yameganda kwenye rafu nyuma ya kofia ya mahameli. Pale palikuwa na kitabu kisicho na jalada, mgongo wake uchi, uzi wa bluu. Mishono mitano, na fundo la mwisho limefungwa upande wa kushoto, maana Pernette ni wa mkono wa kushoto na hapa Lyon nzima hakuna mwingine afungaye hivyo. Alikitambua kama mama anavyotambua kovu la mwanawe. Ni yeye aliyekishona. Ni Barthélemy aliyekileta. Na huyu hapa anakunywa chokoleti mbele yake.

Alitoka bila kuaga. Barabarani alitembea kwa kasi hata Benoîte, aliyekuwa akimsubiri mlangoni, ikabidi akimbie.

"Wewe unajua kusoma," Pernette akamwambia.

"Kidogo, shangazi. Walinifundisha masista."

"Wale wale wa kengele?"

"Wale wale."

"Mungu ana mzaha. Kesho unakaa unanisomea. Nataka kujua mume wangu amechomwa bega kwa ajili ya nini."

Nakala moja wakaguzi hawakuipata; ilikuwa ndani ya mto aliolalia Mama Ravier. Siku nne, saa ya chakula, Benoîte alisoma na Pernette akasikiliza, mkate wake haujaguswa. Mengine aliyapenda. Mkunjo D ulimliza: mwandishi alisema mtu asiteswe ili akiri. Mkunjo K, ule wa masista, ulimchekesha kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile. "Mtumishi mvivu hufukuzwa," alirudia. "Hilo ni sawa kabisa. Kwa hilo nisingeona haya kuchomwa hata mimi." Alianza kufikiri kwamba labda Lormont alikana kwa hofu tu, na hofu ni ugonjwa wa watu wote.

Kisha wakaingia mkunjo L. Ukurasa wa mia moja sitini na moja, wa kwanza kabisa.

Benoîte alisoma, akasita, akakohoa.

"Soma."

"Shangazi, hapa si pazuri."

"Soma, nimesema!"

"'Lakini nuru isishushwe hadi chini,'" Benoîte akasoma. "'Mbeba mizigo akijua kusoma ataweka mzigo njiani na kuanza kuhoji. Mke wa fundi atadharau sindano. Inatosha wafalme na wenye nafasi waangaziwe. Wengine waachiwe kazi zao, sala zao na usingizi wao mzuri.'"

"Rudia."

Akarudia.

"Tena."

Akarudia mara ya tatu, sauti imeshuka. Pernette alisimama akatupa mkate ukutani.

"Mbeba mizigo!" alisema. "Baba yangu alipoteza vidole viwili vya mguu kwa theluji, akimvushia huyu maneno yake. Mume wangu yuko kwenye mnyororo kwa maneno yake. Mimi nimeyashona maneno haya, nakala mia nne, kwa mkono huu, nimejishona mwenyewe mdomo! Usingizi wangu mzuri! Alikuja lini kunitazama nikilala, mbwa huyu?"

"Shangazi, majirani."

"Nao wasikie. Nao wamo ukurasa huo huo."

Mwezi wa Mei habari ikaenea kwamba yule mkuu wa Kijerumani, yule wa mkunjo D na mkunjo G, angepita Lyon akielekea Italia. Jina lake Ludolf wa Hohenried. Alisafiri na koti la kahawia lisilo na nishani hata moja, kuonyesha kwamba yeye ni mtu kama watu, na nyuma yake magari sita ya mizigo. Chama cha wasomi cha mjini kiliandaa kikao kwa heshima yake, na zawadi ikachaguliwa: Wajibu wa Wenye Taji katika jalada la ngozi nyekundu ya mbuzi, dhahabu ukingoni. Kwa mgeni wa namna ile marufuku haikuhesabiwa kitu. Aliyepewa kazi ya kuisimamia zawadi alikuwa Bwana de Courtavel. Naye akamletea Mama Ravier nakala yake mwenyewe, ile ya uzi wa bluu, kwa sababu ilikuwa safi kuliko zote.

"Ifumuliwe, ishonwe upya kwa hariri," Mama Ravier akamwambia Pernette. "Na roho yako uiweke mbali na sindano, umenisikia? Hii kazi ndiyo itakayotulisha."

"Nimesikia, mama."

Alifumua. Alishona kwa hariri nyeupe, A hadi K. Kisha akachukua moja ya zile hukumu kumi na saba, akaikunja kwa kipimo cha kitabu, nembo ya mfalme ikaangalia juu, akaitia hapo, kati ya mkunjo K na mkunjo L, akapitisha sindano. Hivyo hukumu ya Barthélemy ikawa inatazamana uso kwa uso na ukurasa wa mia moja sitini na moja.

Benoîte alikuwa akitazama, rangi imemtoka.

"Shangazi, watakufungia kwenye gereza la wanawake. Watakunyoa nywele."

"Watanikuta nimevaa kofia safi."

"Na akikifungua pengine? Kitabu kina kurasa mia tatu!"

"Wewe umekaa hapa miaka mingapi, hujui kitabu hufunguka pale kilipofundishwa?"

Jalada lilipokauka alikifungua mahali pale, akakiweka chini kifudifudi, akakikandamiza kwa goti, mara kumi, mara ishirini, mpaka mgongo ukakubali. Karatasi ya hukumu ilikuwa nene kuliko nyingine, nayo ikasaidia. Ukikiachia mkononi, kilifunguka chenyewe pale pale, kama mlango ulioegeshwa.

Mfunga vitabu aliitwa kikaoni, kama heshima, kusimama karibu na mlango. Mama Ravier alivaa nyeusi yake ya Pasaka. Pernette alikibeba kitabu juu ya mto mdogo. Ilikuwa saa sita mchana, madirisha yamefunguliwa, na wasomi walikuwa wamejaa pale na poda zao hata hewa ilikuwa nyeupe. De Courtavel alihutubia juu ya akili na nuru kwa muda mrefu. Mkuu Ludolf, kijana mwenye masikio makubwa na uso mwema, alikitwaa kitabu, akakisifu kwa Kifaransa cha kigeni, akakiachia mkononi kifunguke.

Akatazama. Akasoma kwa sauti, akidhani ni sehemu ya kitabu.

"'Kwa jina la Mfalme. Barthélemy Gonin, mchuuzi, amehukumiwa kusimama kwenye nguzo siku tatu, kupigwa chapa ya moto, na kufanya kazi za minyororo miaka tisa, kwa kuuza vitabu viovu. Cha kwanza: Wajibu wa Wenye Taji.'" Akainua macho, akayashusha tena. "'De Courtavel.' Bwana, huyu aliyetia saini ni ndugu yako?"

Vichwa vyote vikamgeukia de Courtavel.

"Ni... ni mimi, Mtukufu."

"Wewe ndiye uliyenipa kitabu, na wewe ndiye uliyemfunga aliyekileta. Na mfunga vitabu wenu amewaweka wote wawili ndani ya ngozi moja." Mkuu akaanza kucheka. "Hii ni bora kuliko hotuba zote."

Na wote wakacheka. Mawakili wa dawa walicheka. Mapadri wa dawa walicheka, wakifuta machozi kwa leso za Uholanzi. Hata de Courtavel alilazimisha meno yake nje. Pernette alisimama na mto wake mtupu, akasikia kicheko kile kinapita juu ya kichwa chake, na akajua kwamba kitasafiri hadi Italia na kurudi, kitasimuliwa mezani, na Barthélemy atabaki akivuta gogo.

"Yuko Toulon," akasema.

Mama Ravier alimfinya mkono. Akauvuta mkono wake.

"Huyo mnayemcheka yuko Toulon. Ni mume wangu. Huu ni mwezi wa kumi na nane. Mnyororo una uzito kuliko vitabu vyenu vyote."

Kicheko kikakatika. Mkuu akamtazama kwa udadisi, si kwa ubaya.

"Ni wewe uliyeshona? Umekisoma kitabu hiki, mama?"

"Nimesomewa. Geuza macho upande wa pili wa hukumu, bwana, utaona ninachokumbuka zaidi. Kinasema sisi tusifundishwe kusoma tusije tukaweka mizigo chini. Sasa nikuulize mimi, niliye mke wa mbeba mizigo: kama mizigo hii ingewekwa chini pale mpakani, wewe ungeangaziwa na nini?"

Mkuu alisoma ukurasa ule. Masikio yake yakawa mekundu. "Nadhani mwandishi alimaanisha..." akaanza, kisha hakumaliza. Akafunga kitabu. Akamgeukia de Courtavel akasema kwa sauti ndogo, "Aandikiwe msamaha. Leo." Akaongeza kwamba njaa inamuuma.

Saini ambayo haikupatikana kwa miezi kumi na minane ilipatikana kabla ya supu kuletwa. Haikuletwa na akili, haikuletwa na nuru. Iliandikwa na mtu aliyeogopa kuchekwa. Na Pernette hakukamatwa, kwa sababu kumkamata kungekirefusha kichekesho.

Mama Ravier alingoja mpaka walipofika mtaa wa Mercière. Hapo akavua kinga zake za mkono, moja baada ya nyingine.

"Hunikanyagii karakana tena," akasema. "Miaka ishirini na miwili nimekaa nawe, Pernette. Umeivunja nyumba yangu mbele ya mji mzima."

"Barthélemy hakukutaja, mama. Walipomuuliza nani kashona, hakukutaja."

"Najua!" mjane akafoka, macho yamejaa. "Unadhani sijui? Ndiyo sababu namwacha Benoîte. Wewe, ondoka."

Barthélemy alirudi Septemba, kwa miguu. Alikuwa amepungua nusu, na mguu uliovaa mnyororo aliuburuta hata mahali palipo tambarare. Utani ulikuwa umemtoka. Alikaa mlangoni akimenya njugu, na siku ya tatu akauliza:

"Wenye Taji bado kinauzwa?"

"Unakiulizia hicho?" Pernette akamkata jicho. "Hicho kinachosema wewe ni ng'ombe?"

"Kuna mengine ndani yake, mke wangu. Pale Toulon waliacha kututesa kwa koleo mwaka huu. Mkaguzi alisema kuna agizo. Mahali fulani mtu alisoma mkunjo D." Akamenya njugu nyingine. "Aliyeandika ni mwoga. Maneno hayana woga."

"Na wale sitini uliofungwa nao shingo?"

"Wako kule kule."

"Mmoja tu ndiye aliyerudi," Pernette akasema. "Mmoja! Kwa sababu mkuu wa Kijerumani alicheka." Akasonya, akaingia ndani, akatoka na bunda la karatasi na mfupa wake wa kukunjia, ule wa bibi yake Étiennette, uliolika katikati kwa dole gumba la wanawake watatu. Akapanda mtaa hadi mlango wa karakana, akasimama nje ya kizingiti, maana ndani amekatazwa, akamwita Benoîte.

"Shika."

"Shangazi, mfupa wako!"

"Mimi sina meza tena. Wewe unayo. Hizi ni hukumu kumi na sita za Barthélemy. Hizi nyingine tano nimezibandua kiangazi hiki: mchuuzi wa Vienne, mjane wa Bourg aliyeficha robota, mpiga chapa, na wale ndugu wawili wa mlimani. Utawasoma majina. Utayasoma kwa sauti, mpaka uyajue."

"Kisha?"

"Kisha kila kitabu cha namna ile kikiletwa hapa kuvalishwa ngozi kwa ajili ya mkubwa, awe hakimu, awe askofu, awe mfalme, mmoja wa hawa anakwenda naye. Kati ya K na L. Nawe ukikandamize vizuri kwa goti, kifunguke hapo. Na jioni ukitoka uje nyumbani unifundishe kusoma, anza na ukurasa ule ule."

Benoîte alitazama nyuma, ambako Mama Ravier alikuwa amewapa mgongo, akipanga nyuzi, haoni kitu wala hasikii kitu. Kisha akachukua mfupa.